Ugawanaji wa rasilimali kati ya panya wa bonde la Kilombero

Ugawanaji wa rasilimali kati ya panya wa bonde la Kilombero ni jinsi spishi mbalimbali za panya na wagugunaji wengine wadogo zinavyotumia chakula, maficho na muda kwa njia tofauti, hata zikaweza kuishi pamoja katika eneo moja. Bonde hilo liko katika mkoa wa Morogoro, kusini mwa Tanzania, na mji wake mkubwa ni Ifakara. Katika mapori ya miombo kama yale ya pembezoni mwa bonde, mitego iliyotegwa kwa siku chache inaweza kunasa spishi kadhaa zinazofanana sana kwa umbo. Katika shamba la mahindi au mpunga lililo jirani, mara nyingi spishi moja tu hunaswa kwa wingi, nayo ni panya shamba (Mastomys natalensis). Tofauti hiyo kati ya pori na shamba ndiyo inayofanya suala hili liwahusu wakulima kama linavyowahusu wanabiolojia.

Bonde na uoto wake

Bonde la Kilombero limelala kati ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki. Ifakara uko mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari. Mto Kilombero hukusanya maji ya mito mingi itokayo milimani, kisha hukutana na mto Luwegu na kufanya mto Rufiji. Mvua ya mwaka ni kati ya milimita 1,200 na 1,800. Mvua za vuli hunyesha kuanzia mwishoni mwa mwaka, na masika huanza Machi hadi Mei. Wakati wa masika mto hufurika na sehemu kubwa ya uwanda hufunikwa na maji. Mwaka 2002 uwanda huo uliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa.

Mtu anayetembea kutoka mtoni kuelekea milimani hupita katika kanda tofauti za uoto. Kwanza kuna matete na mabwawa, kisha nyasi ndefu zinazofurika kila mwaka, halafu mbuga yenye miti iliyotawanyika. Baada ya hapo, ardhi inapoanza kuinuka, huja miombo, yaani mapori ambayo miti yake mingi ni ya jenasi Brachystegia na Julbernardia, pamoja na mininga na mipingo. Mwisho ni misitu minene, kama ile ya Magombera na ya miteremko ya Udzungwa. Kila kanda ina panya wake, na hata ndani ya kanda moja kuna makao madogo mengi: kichuguu, gogo lililooza, tundu la mti, kichaka, mwamba, au kipande cha mchanga mtupu.

Kanuni ya ushindani

Kila kiumbe kina nafasi yake ya kiikolojia, ambayo huitwa pia nishe. Nafasi hiyo si mahali tu. Ni jumla ya mahitaji ya kiumbe na namna anavyoyapata: anakula nini, analala wapi, anatoka saa ngapi, anazaa lini na anawakwepa vipi maadui.

Mwaka 1934 mwanabiolojia Mrusi Georgii Gause alieleza majaribio aliyofanya kwa viumbe vidogo vyenye seli moja vya jenasi Paramecium. Alipoziweka spishi mbili zinazotegemea chakula kilekile katika chombo kimoja, moja ilistawi na nyingine ikatoweka. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana kanuni kwamba spishi mbili zenye mahitaji yaleyale kabisa haziwezi kuishi pamoja kwa muda mrefu. Methali isemayo kuwa fahali wawili hawakai zizi moja inakaribia sana maana hiyo. Kwa hiyo, panya wa spishi nyingi wanapoonekana katika pori moja, swali la kwanza la mtafiti ni hili: wanatofautiana katika jambo gani?

Ushahidi kwamba panya hushindana kweli umetoka sehemu mbalimbali za dunia. Katika jangwa karibu na Portal, jimbo la Arizona, Marekani, mwaka 1977 watafiti walizungushia uzio vipande vya ardhi na kuwaondoa panya-kangaru, ambao ni wakubwa kuliko panya wengine wa hapo na hula mbegu nyingi. Baada ya muda, panya wadogo wanaokula mbegu waliongezeka ndani ya vipande hivyo. Chakula kilichoachwa na mkubwa kilipata walaji wapya.

Wagugunaji wanaohusika

Katika mapori, mbuga na mabonde ya mkoa wa Morogoro kuna jenasi nyingi za wagugunaji wadogo. Zifuatazo ni baadhi yake:

- Panya shamba (Mastomys natalensis): ana rangi ya kahawia-kijivu na hana alama za kumtambulisha kwa haraka. Jike ana chuchu nyingi kuliko panya wengi, hadi 24.
- Panya-miiba (jenasi Acomys): nywele za mgongoni ni ngumu kama miiba. Ngozi yake huchanika kwa urahisi anapokamatwa, kisha hupona upesi na kuota nywele upya.
- Panya milia (jenasi Lemniscomys): wana mstari mmoja au mistari mingi mgongoni.
- Panya wa jenasi Aethomys: ni wakubwa kidogo kuliko panya shamba na hupenda vichaka na mawe.
- Panya wa jenasi Gerbilliscus: wana miguu mirefu ya nyuma, macho makubwa na mkia mrefu.
- Panya mwenye vifuko (Saccostomus campestris): ni mnene, ana mkia mfupi na vifuko vya mashavuni vya kubebea chakula.
- Panya wa jenasi Grammomys: wana mkia mrefu kuliko mwili na hupanda vichaka na miti.
- Panya wa mitini wa jenasi Graphiurus: wana mkia wenye manyoya mengi, kama kindi wadogo.
- Panya mdogo kabisa (Mus minutoides): kwa kawaida uzito wake haufiki gramu 10.
- Panya wa majimaji wa jenasi Dasymys na Pelomys: huishi kwenye nyasi nzito karibu na maji.

Pamoja nao wapo wagugunaji wakubwa zaidi, kama panya buku (jenasi Cricetomys), ambaye anaweza kuzidi kilogramu moja, na ndezi (jenasi Thryonomys). Virukanjia na sange hunaswa pia katika mitego ya panya, lakini si wagugunaji. Chakula chao kikubwa ni wadudu na wanyama wengine wadogo.

Namna za kugawana

Mahali

Njia iliyo wazi zaidi ni kugawana mahali. Katika pori moja la miombo, panya wa Graphiurus hutumia matundu ya miti na matawi, Grammomys hujenga viota vyao kwenye vichaka na miti midogo, na Aethomys hukaa chini ya vichaka, kwenye mashina na mawe. Panya-miiba hujificha kwenye nyufa za miamba, magogo na vichuguu vilivyoachwa. Gerbilliscus huchimba mashimo kwenye udongo wa mchanga ulio wazi, na miguu yake mirefu humsaidia kukimbia mahali pasipo na maficho. Panya milia wanahitaji kinyume chake: nyasi nene, ambamo hufanya vijia vyao vilivyofunikwa juu.

Hivyo panya wawili wanaweza kuishi hatua chache tu kutoka kila mmoja na wasikutane mara nyingi. Kinachohesabika ni kile kilicho mita moja au mbili kuzunguka tundu la mnyama: kivuli, nyasi, jiwe au mchanga.

Mgawanyo wa aina hii unaonekana pia kwa ndezi. Ndezi mkubwa (Thryonomys swinderianus) hupenda matete na nyasi za mabwawa, na huogelea vizuri. Ndezi mdogo (Thryonomys gregorianus) hutumia zaidi nyasi za mbuga zilizo mbali kidogo na maji.

Chakula

Panya wengi hula zaidi ya aina moja ya chakula, lakini kila mmoja ana mwelekeo wake. Panya mwenye vifuko hutegemea sana mbegu. Hukusanya nyingi mashavuni kwa safari moja na kwenda kuzihifadhi shimoni, jambo linalompunguzia muda wa kukaa nje mbele ya maadui. Panya-miiba hula wadudu na konokono pamoja na mbegu. Panya milia na panya wa majimaji hula sana nyasi na mashina mabichi. Wapandaji wa miti hupata matunda, majani na wadudu ambao walio chini hawawafikii.

Ukubwa wa mwili nao huchangia. Panya buku anaweza kubeba na kuvunja kokwa ngumu ambazo panya mdogo hawezi, na panya mwenye gramu 8 anashiba kwa mbegu ndogo za nyasi ambazo haziwezi kumtosha mkubwa.

Mwingiliano wa vyakula hubadilika kwa majira. Wakati wa mvua mbegu, majani na wadudu ni tele, na spishi nyingi zinaweza kula vitu vilevile bila madhara. Mwishoni mwa kiangazi, kuanzia Agosti hadi mvua za kwanza, chakula hupungua. Hapo ndipo tofauti ndogo kati ya spishi huwa na thamani. Wengine hutegemea akiba ya shimoni. Wengine, kama panya wa jenasi Steatomys, hutumia mafuta waliyoyaweka mwilini. Panya mwenye vifuko anaweza pia kushusha joto la mwili kwa saa kadhaa na kupunguza matumizi ya nguvu.

Muda

Panya wengi wa miombo hutoka usiku. Panya milia na kindi hutoka mchana, na panya wa jenasi Pelomys huonekana sana asubuhi na jioni. Maadui wao hutofautiana vilevile: wa mchana huwindwa na vipanga na tai, wa usiku huwindwa na bundi na kanu.

Mfano maarufu wa kugawana muda unatoka Ein Gedi, karibu na Bahari ya Chumvi. Huko spishi mbili za panya-miiba huishi kwenye miamba ileile. Acomys cahirinus hutoka usiku, na Acomys russatus hutoka mchana. Watafiti walipomwondoa wa usiku, yule wa mchana alianza kutoka usiku pia. Ilionekana kwamba mwili wake haukumzuia kutembea usiku. Alikuwa amesukumwa na jirani yake.

Uzazi

Spishi hutofautiana pia katika uzazi. Panya-miiba huzaa watoto wachache kwa mimba ndefu ya siku 38 hivi, na watoto huzaliwa wakiwa wamekwisha kukua vya kutosha kujimudu mapema. Panya shamba hubeba mimba siku 23 hivi na kuzaa kwa wastani watoto zaidi ya 10 kwa uzao mmoja. Njia ya kwanza inafaa mahali pasipobadilika sana, ambapo makao mazuri ni machache na yana wenyewe. Njia ya pili inafaa mahali palipovurugwa, ambapo chakula huja kwa wingi na ghafla.

Moto, mafuriko na maadui

Ushindani si sababu pekee ya spishi nyingi kuishi pamoja. Kila kiangazi sehemu za miombo huungua. Moto huondoa nyasi na maficho ya panya milia, lakini huacha ardhi wazi inayowafaa Gerbilliscus. Mvua zikirudi, nyasi huota na hali hugeuka. Kwa kuwa moto hauchomi pori lote kwa siku moja, daima huwepo vipande vya umri tofauti, na kila spishi hupata mahali pake.

Mafuriko ya masika hufanya kazi kama hiyo uwandani. Panya wanaochimba mashimo sehemu za chini hulazimika kuhama au hufa maji, na panya wa majimaji hubaki kwenye nyasi. Maji yakipungua, ardhi tupu hujazwa tena na wahamiaji kutoka sehemu za juu.

Maadui nao, kama nyoka, bundi, nguchiro, kanu na mondo, huwapunguza zaidi panya walio wengi na wanaopatikana kwa urahisi. Kwa njia hiyo huzuia spishi moja isitawale peke yake.

Pori linapogeuzwa shamba

Miti inapokatwa, visiki kung'olewa na ardhi kulimwa, makao madogo hupotea kwa pamoja. Hakuna tena matundu ya miti, magogo, vichuguu wala vichaka. Spishi zinazotegemea vitu hivyo huondoka au hufa. Panya shamba hahitaji kimojawapo. Anaweza kuishi kwenye nyufa za udongo au shimo la kawaida, hula mbegu, nafaka, wadudu na majani, na huzaa upesi. Katika nchi za kusini mwa Afrika amejulikana kwa muda mrefu kuwa spishi tangulizi, yaani miongoni mwa wa kwanza kuingia mahali palipoungua au kulimwa. Porini anabanwa na majirani wengi wanaojua kutumia kila pembe. Shambani majirani hao hawapo, na chakula kinachopandwa ni kile anachokipenda.

Uchunguzi wa muda mrefu wa panya huyu umefanywa Morogoro mjini na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) pamoja na wenzao wa Ubelgiji. Mwaka 1997 Herwig Leirs na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba idadi ya panya shamba huongozwa na mambo mawili kwa pamoja: mvua, na wingi wa panya wenyewe waliopo. Kwa kawaida huzaa baada ya masika kuanza, idadi hupanda hadi mwisho wa kiangazi, kisha hushuka. Vuli ikinyesha sana, huanza kuzaa mapema, na hapo mlipuko wa panya unaweza kutokea.

Katika maeneo ya mpunga wa umwagiliaji mkoani humo hali ni tofauti kidogo. Kwa kuwa chakula na unyevu hupatikana muda mrefu zaidi, panya shamba huweza kuzaa karibu mwaka mzima, hasa mpunga unapoiva.

Umuhimu kwa wakulima na afya

Mpunga ni zao kuu la bonde la Kilombero. Wakati wa kilimo familia nyingi huhamia kwenye vibanda vya mashambani kwa miezi kadhaa ili kulima, kupalilia na kulinda mazao. Panya hufukua mbegu zilizopandwa, hukata mashina ya mpunga na hula nafaka shambani na ghalani. Kwa upande wa mahindi, hasara inayotajwa mara nyingi kwa Tanzania ni kati ya asilimia 5 na 15 ya mavuno kwa mwaka, na katika miaka ya mlipuko baadhi ya wakulima hupoteza karibu shamba zima.

Panya huhusika pia na magonjwa. Leptospirosisi, ambayo nchini Tanzania hujulikana kwa jina la homa ya mgunda, huenezwa na mkojo wa wanyama wakiwemo panya, hasa penye maji na tope. Mwaka 2022 ugonjwa huo ulizuka katika wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi. Panya shamba ndiye mwenezaji mkuu wa homa ya Lassa huko Afrika Magharibi. Katika panya wa spishi hiyo huko Morogoro virusi vingine vya jamii hiyo vimepatikana, lakini havijulikani kuwaletea binadamu ugonjwa.

Kuelewa mgawanyo wa rasilimali husaidia katika mambo yafuatayo:

- Kutambua mharibifu. Si kila panya aliye karibu na shamba anaharibu mazao. Sumu inayotupwa ovyo kando ya pori huua panya-miiba, panya milia na sange, ambao si adui wakubwa wa mkulima, na nafasi yao hujazwa na panya shamba.
- Kuwalinda maadui wa panya. Bundi, mondo au kanu akila panya aliyekula baadhi ya sumu anaweza kufa naye. Bundi huuawa pia kwa sababu ya imani kwamba ni ndege wa uchuro, ingawa chakula chake kikubwa ni panya.
- Kufanya kazi kwa pamoja. Panya wakiuawa katika shamba moja, wengine huingia kutoka mashamba ya jirani baada ya muda mfupi. Kusafisha kingo za majaruba, kupanda kwa wakati mmoja na kutega mitego kwa pamoja huleta matokeo bora kuliko juhudi za mkulima mmoja.
- Kuchagua wakati. Ni rahisi zaidi kuwadhibiti panya wakiwa wachache, kabla ya msimu wa kuzaa, kuliko kusubiri hadi uharibifu uonekane.

Kubakiza pori hakutoshi peke yake kuondoa panya shamba, kwa sababu vichaka na magugu yaliyo ndani ya mashamba huweza kumpa naye maficho. Lakini pori lenye miti mikubwa, magogo na vichuguu ndilo linalobaki kuwa makao ya spishi nyingine na ya maadui wanaowinda shambani usiku.

Jinsi wanavyochunguzwa

Watafiti hutega mitego inayokamata panya hai, iliyopangwa kwa mistari yenye nafasi sawa, kwa mfano mita 10. Chambo kinachotumika sana ni siagi ya karanga iliyochanganywa na unga wa mahindi. Kila panya hupimwa uzito, hutambuliwa spishi na jinsia, hutiwa alama na kuachwa alipokamatwa. Akinaswa tena, mtafiti hujua ametembea umbali gani na kama bado yu hai. Kwa kuwa panya wa spishi tofauti huweza kufanana sana, utambuzi wa uhakika huhitaji kuangalia fuvu, meno au DNA. Chakula huchunguzwa kwa hadubini kutokana na mabaki ya tumboni. Kwa wapandaji wa miti mitego hufungwa matawini, kwani mitego ya chini pekee huwakosa.

Tazama pia

- Bonde la Kilombero
- Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa
- Miombo
- Ndezi
- Panya buku
- Wagugunaji